Kubana Mara Mia Mbili kwa Siku

Maswali ya wasomaji, na Bi Nyonga (jina hili mlinipa ninyi wenyewe, nami nimeshalizoea)

*Shikamoo Bi Nyonga. Nina miaka 34 na watoto wawili, mdogo ana miezi minane. Nikipiga chafya, nikicheka sana au nikiruka kamba, mkojo unaniponyoka. Niliona mazoezi ya kubana kwenye simu nikayaanza kwa bidii, asubuhi mara mia na usiku mara mia, na nikiwa chooni naukata mkojo katikati ili nijipime. Huu ni mwezi wa tatu. Mkojo bado unatoka, na juu yake nimepata maumivu. Nikikaa muda mrefu nasikia kama kuna fundo huku chini, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Je, niongeze idadi? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata moja. Tena kwa sasa naomba uache kubana kabisa, na huko chooni uuache mkojo upite wote bila kuukata.

Najua ni ajabu kuambiwa hivyo na mtu ambaye kazi yake ni kufundisha kubana. Weka mkono mmoja kwenye mfupa wa kinena, na mwingine kwenye kifandugu, kule uti wa mgongo unakoishia. Kati ya mikono hiyo miwili kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Juu yake kimelala kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana, na katikati yake zinapita njia tatu: ya mkojo, ya uke na ya haja kubwa. Tunaiita misuli ya sakafu ya nyonga, jina ambalo mimi silipendi sana, kwa sababu sakafu ya nyumba haisogei na hii inasogea kutwa kucha. Ukivuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka na machela inashuka nacho kidogo. Ukitoa pumzi, vyote viwili vinapanda. Ukikohoa, machela inatakiwa ikaze upesi kabla kishindo hakijakifikia kibofu. Ukienda haja, inatakiwa ilegee yote. Msuli wa nyonga uliokaza saa zote ni mgonjwa sawasawa na uliolegea saa zote.

Sasa kunja ngumi. Ikaze hasa. Halafu, bila kuikunjua, jaribu kushika kikombe. Kwa unavyoeleza, nahofia misuli yako iko hivyo: miezi mitatu haijapata nafasi ya kukunjuka, imechoka, na chafya ikija haina pa kupanda kwa sababu imekwisha kupanda. Ndiyo maana mkojo na maumivu vimekujia pamoja.

Wala sikucheki. Nilikuwa nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, miaka kumi na mmoja, ya magoti, mabega na migongo, nilipojifungua mwanangu wa pili na kuanza kutembea na pedi kwenye mkoba. Sikumwambia mtu. Nikajitibu mwenyewe, maana nani angenifundisha mimi habari za misuli? Baada ya miezi mitano nikaenda kwa mwenzangu aliyesomea nyonga. Akaweka kidole, akasema, "Haya, bana." Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia taratibu, "Dada, unanisukuma nje." Miezi mitano nilikuwa nikisukuma chini kama mzazi aliye kwenye uchungu, pumzi nimeiziba, makalio yamekakamaa, na kila usiku najipongeza.

Kosa hilo ni la wengi, na mwenye zoezi lake alilijua. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, ndiye aliyelitangaza zoezi hili mwaka 1948. Lakini yeye hakumwambia mgonjwa "bana" kisha akamuaga. Alimpima kwa kidole, halafu akampa kifaa cha kuweka ukeni kilichounganishwa na saa ya mgandamizo, ili mwanamke auone mshale ukipanda anapobana inavyotakiwa. Zoezi likaenea dunia nzima kwa jina lake, kipimo kikabaki nyuma. Ile video ya simu inakuonyesha mwalimu wake anavyobana. Wewe haikuoni.

Na kule kuukata mkojo: kibofu kinapojikamua, kinategemea misuli ya chini ifunguke. Ukiizoesha kufunga katikati ya kazi, unakivuruga, na unaweza kubakiza mkojo ndani.

Kwa hiyo tafuta fiziotherapisti wa nyonga. Kama hujui pa kuanzia, daktari wa wanawake au mkunga anaweza kukuelekeza. Utaulizwa mambo ambayo pengine hujawahi kuulizwa: unakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku (mara saba hivi mchana si nyingi), unaamka usiku, choo ni kigumu, ulipojifungua ulichanika kiasi gani, mtoto alivutwa kwa kifaa? Baada ya hapo ataomba ruhusa akupime. Ni kidole kimoja chenye glavu na kilainishi. Kile chuma cha kupanulia uke hakihitajiki. Atagusa kulia na kushoto akitafuta panapouma, atakwambia bana, legeza, kohoa, kisha ataandika nguvu ya msuli kwa namba, kuanzia 0 hadi 5. Unaweza kukataa. Unaweza kumsimamisha katikati. Unaweza kuingia na mtu wako. Ukikataa kidole, bado kuna mengi ya kuonekana kwa ultrasaundi juu ya tumbo, au kwa kuutazama tu msamba: ukibana vizuri unaingia ndani, ukisukuma unatokeza. Hata wewe nyumbani, kioo kidogo kitakuonyesha. Mtu akitaka kukupima ndani bila kukuomba, vaa nguo zako uondoke.

Wakati unasubiri miadi, lala chali, magoti yamekunjwa, mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi tumbo lipande, na huku chini uache pafunguke kama pale mkojo unapoanza kutoka. Toa pumzi bila kubana chochote. Dakika tano asubuhi na tano usiku. Siku za mwanzo utaona hakuna kinachotokea. Endelea. Na tendo la ndoa linalouma lisimame kwanza. Kuvumilia maumivu kunaufundisha msuli ujikunje mapema zaidi safari ijayo, na mwenzako anapaswa kuelezwa hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Ukishaambiwa kwamba unaweza kulegeza, ndipo mtaanza kujenga nguvu. Mpango unaotolewa sana kwa mkojo wa chafya na kikohozi ni kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Hiyo ni 24 kwa siku. Wewe ulikuwa kwenye 200. Bana kama unayezuia ushuzi mbele za watu, kisha vuta ndani na juu. Shikilia sekunde chache huku unapumua, halafu legeza kwa muda ule ule au zaidi. Makalio yalale, mapaja yalale. Na ukisikia chafya inakuja, bana kabla haijatoka. Hilo la mwisho huwasaidia wengi hata kabla msuli haujapata nguvu.

Ukiona damu kwenye mkojo au ukipata homa, muone daktari upesi. Mkojo ukiziba, au ukipata ganzi kwenye msamba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Mwanangu, nina miaka 61. Jioni nasikia kitu kinashuka ukeni, kama yai. Asubuhi hakipo. Binti yangu anasema ni saratani. Shoga yangu anasema kizazi kikishuka dawa yake ni kukatwa. Daktari tuliye naye ni kijana kama mjukuu wangu, nitaanzaje kumweleza? – Mama Mkubwa*

Shikamoo mama. Uvimbe unaotoka jioni baada ya kusimama kutwa, ukarudi ndani baada ya kulala, mara nyingi ni viungo vya nyonga vilivyoshuka. Binti yako anasema ni saratani, lakini saratani haina desturi ya kwenda kulala usiku na kuamka jioni. Hata hivyo usipimwe na barua yangu, nenda ukapimwe na mtu. Kama umeona damu, hata tone, baada ya hedhi kukoma, nenda wiki hii; hilo halisubiri.

Kinachoshuka si kizazi peke yake. Wakati mwingine ni kibofu kinachosukuma ukuta wa mbele wa uke, au utumbo unaosukuma ukuta wa nyuma, na hata mwanamke aliyekwisha kutolewa kizazi anaweza kupata hali hii. Uzazi, umri, kukoma kwa hedhi, kikohozi cha miaka, mizigo mizito, choo kigumu: kila kimoja huchangia.

Shoga yako amekosea. Upasuaji upo na una watu wake, lakini uvimbe ambao haujashuka sana hupata nafuu kwa mazoezi ya nyonga, hasa ule uzito wa jioni. Kuna pia pete laini ya silikoni, wataalamu wanaiita pesari, inayowekwa ukeni kushikilia viungo mahali pake. Nina wagonjwa wanaoitoa na kuiosha wenyewe kama watu wanavyotoa meno ya bandia, na wengine hurudi kliniki kubadilishiwa. Ukavu wa uke nao una dawa yake, krimu ya estrojeni (homoni ya kike), muulize daktari kama inakufaa.

Leo hii unaweza kufanya jambo moja. Ukienda haja kubwa, kama unakaa kwenye choo cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu kuliko nyonga, egemea mbele, na utoe pumzi badala ya kujikamua. Kila siku ya kujikamua inasukuma kitu kile kile unachotaka kukipandisha.

Kuhusu yule kijana: omba daktari au muuguzi mwanamke, ni haki yako. Asipokuwepo, andika kwenye karatasi kama ulivyoniandikia mimi, mpe asome. Hilo neno lako la "kama yai" atalielewa mara moja.

*Tangu nijifungue mwaka jana mkojo hautoki kwa chafya tu, unatoka mchana na usiku, kitanda kinalowa. Uchungu ulikuwa wa siku mbili na mtoto hakuishi. Nifanye mazoezi gani? – Asiye na Jina*

Pole sana mdogo wangu, kwanza kwa mtoto.

Usifanye zoezi lolote. Mkojo usiokatika kabisa, baada ya uchungu wa muda mrefu hivyo, unaweza kuwa fistula: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za uke na kibofu kwa saa nyingi, damu haifiki, nyama inakufa na kuacha tundu. Tundu halizibwi kwa kubana. Linazibwa na daktari mpasuaji aliyefunzwa kazi hiyo, na wengi hupona. Nenda hospitali kubwa, sema neno hilo hilo, fistula, hapo mapokezi, usikubali kurudishwa na pedi. Kunywa maji kama kawaida. Najua wengi hupunguza maji ili wasilowe, lakini mkojo mzito unachoma ngozi na kunuka zaidi. Ukishatengenezwa na kupona, ndipo sisi wa mazoezi tutakuwa na kazi kwako.

Na hukulogwa, wala hukuzembea.

*Mke wangu amejifungua wiki tatu zilizopita. Aanze lini kubana ili arudi kama zamani? – Mume Mwema*

Baba, hiyo "ili" yako imenitia shaka, lakini nitakujibu kwa nia njema. Kama alijifungua kawaida bila matatizo, anaweza kubana kidogo kidogo hata siku chache baada ya uzazi, mradi haumii. Anafanya hivyo ili asivuje mkojo na aweze kumbeba mtoto. Kama alichanika sana hadi kwenye msuli wa haja kubwa, apimwe kwanza.

Kama ulikuwa unauliza habari ya kitandani, na nadhani ulikuwa unauliza hiyo, kipimo ni yeye: damu imekatika, kidonda kimepona, na mwenyewe anataka. Anayenyonyesha estrojeni yake hushuka, uke huwa mkavu, kwa hiyo hata akitaka anaweza kuumia; nunueni kilainishi. Kisha ndoo za maji, magunia na mtoto mkubwa anayetaka kubebwa, vyote hivyo chukua wewe. Barua ijayo aandike yeye.