Hesabu shiti, usihesabu mashine

Haupiti mwezi bila kijana kusimama mlangoni pa karakana yangu ya mabango hapa Ndeeba, Kampala, akaitazama CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, ikichonga herufi, kisha akauliza swali lilelile: "Bosi, mashine kama hii ni pesa ngapi?" Miaka yote hii hajatokea hata mmoja aliyeniuliza shiti, ile plastiki bapa tunayoikata, ni pesa ngapi. Nami nilikuwa hivyohivyo nilipoanza. Mashine niliifanyia hesabu miezi minane, shiti nikaijia juu juu, na hiyo shiti ndiyo iliyotaka kunifunga duka.

Mashine unainunua mara moja. Shiti unainunua kila kazi. Ile ya kawaida ya pasipeksi, plastiki ngumu kama kioo, ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, na ikiwa na unene wa milimita 3 ina uzito wa kilo kumi na kitu. Ukiiharibu moja, faida ya kazi mbili tatu zilizotangulia imekwenda nayo. Kwa hiyo karibu kila ninachokushauri hapa kinarudi palepale: shiti isiharibike.

Anza na kununua. Pasipeksi ziko za aina mbili, iliyomiminwa kwenye kalibu na iliyokamuliwa kwa mashine kama tambi. Dukani zikiwa na karatasi zake huzitofautishi kwa macho, na ya kukamuliwa kwa kawaida ni rahisi kwa bei. Nilinunua tano za bei rahisi nikajiona mjanja. Kwenye herufi ya tatu plastiki ikayeyuka, ikajizungusha kwenye biti, kile kisu kinachozunguka, kama ugali kwenye mwiko, biti ikakatika. Ile ya kukamuliwa huyeyuka mapema zaidi. Inakatika, ndiyo, lakini inataka mkono uliozoea. Siku hizi naomba kipande kidogo kwanza. Nikikichonga kwa leza, ya kumiminwa hutoa mchoro mweupe kama barafu, ya kukamuliwa mchoro wake haung'ai weupe huo.

Halafu mwendo. Fundi mgeni akiona plastiki inayeyuka hupunguza mwendo wa mashine, akidhani anaihurumia shiti. Kumbe anaipika. Joto la kukata linatakiwa litoke na zile chenga. Chenga zikiwa nyembamba kama vumbi hazibebi kitu, joto linabaki kwenye biti. Chukua biti ya jino moja, ambayo ndiyo ya plastiki, ikizunguka mara 18,000 kwa dakika. Ukiisogeza milimita 1800 kwa dakika, kila mzunguko unamega milimita 0.1. Ukiishusha hadi 600, unamega 0.03 tu, yaani biti inasugua badala ya kukata. Ongeza mwendo, au punguza mizunguko. Shika chenga mkononi: zikiwa kavu na zina umbo, uko sawa.

Umeme sasa. Hapa nina kidonda, vumilia nisimulie.

Nilinunua UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, nikaunganisha kompyuta na kisanduku kinachoisogeza mashine. Mota ya biti, ambayo ni ya kilowati 2.2, sikuiunganisha kwa sababu UPS ile isingeiweza. Nikalala usingizi mzuri. Wiki ya pili umeme ukakatika katikati ya kazi. Mota ya biti ikasimama, lakini kompyuta haikujua lolote, ikaendelea kuamuru mashine isonge. Biti isiyozunguka ikasukumwa ndani ya shiti kama msumari. Ilivunjika, ikaacha mkwaruzo mrefu katikati kabisa. Afadhali nisingekuwa na UPS, kila kitu kingesimama pamoja.

Fundi wa umeme akaniwekea relei, swichi ndogo inayojiendesha kwa umeme: umeme wa nje ukipotea tu, programu inapata ishara ya kusimama. Lakini kuna mambo mawili yasiyohitaji fundi. La kwanza, sehemu ya sifuri ya kila kazi, yaani pale vipimo vyote vinapoanzia, naitoboa kitundu kidogo kwenye ubao wa meza, na vipimo vyake naviandika kwa penseli ukutani. Umeme ukirudi najua pa kuanzia, si kwa kukisia. La pili, natanguliza mikato ya ndani, kama tumbo la O na la A, mzingo wa nje unakuja mwisho. Kazi ikikatizwa, kipande bado kimeshikwa na shiti yake na hakijacheza.

Kisha wateja, maana shiti nyingine huharibikia mdomoni. Mama mmoja alinitumia jina la duka lake kwa sauti kwenye WhatsApp: Ddembe. Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, sikio langu halikushika ile d ya pili ya Kiganda. Nikatoboa "DEMBE" kwenye uso mzima wa sanduku la taa. Na ubaya ni kwamba mjini utaona maandishi ya namna zote mbili, kwa hiyo sikuwa na shaka hata kidogo. Mama alicheka, akasema, "Mwanangu, jina langu umelikata mguu." Shiti niliilipa mimi. Tangu siku hiyo mteja anaandika jina kwa mkono wake, anaweka sahihi juu ya mchoro uliochapwa, na anatoa kianzio kisichopungua bei ya vifaa vyote. Akigoma kianzio, namwombea heri aendako.

Ukifanya kazi na taasisi kubwa, uliza mapema kama URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, imeiteua kuzuia kodi, yaani kuikata kwenye malipo kabla hayajakufikia. Malipo yakizidi shilingi milioni 1 inaweza kukukata asilimia 6, na kama hukuiweka kwenye hesabu zako utadhani umeibiwa.

Kibao kikishafungwa ukutani bado kinaweza kukugharimu shiti. Pasipeksi hutanuka kwa jua. Ya urefu wa mita 2.4, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka zaidi ya milimita 3. Jua la saa saba la Kampala, kisha mvua ya saa tisa, na tundu uliloliziba kabisa kwa skrubu: utapigiwa simu kwamba kibao kimepasuka. Toboa tundu pana kuliko skrubu, na usikaze kwa hasira. Pia usipitishe moto kwenye ukingo ili ung'ae kisha ukapaka ile gundi nyepesi kama maji inayoyeyusha plastiki. Kesho yake utaona nyufa kama utando wa buibui. Gundisha kwanza. Na plastiki ya PVC, ile nyeupe nyepesi ya mabango, iende kwenye biti tu, kwenye leza kamwe: hutoa gesi ya asidi inayokula mapafu na mashine kwa pamoja.

Mabaki usiyatupe. Mwaka wa kwanza wachapaji wa Nasser Road walinipa kazi ya kukata, na namba za milango na beji za majina zilitoka kwenye vipande ambavyo mteja mwingine alishavilipia. Viweke wima, vipange kwa unene, karatasi ya juu usiibandue.

Kijana wa mwisho kuniuliza bei ya mashine nilimwambia aache kwanza habari ya kununua. Aje na mchoro wake na shiti yake, nimkatie kwa malipo ya saa, ajue kazi inaingiza nini. Alikuja Jumatatu, shiti ameibeba juu ya bodaboda kutoka mjini, upepo umeshaivunja kona moja. Tulikaa kwenye kompyuta karibu saa nzima tukizisogeza herufi zake hadi zote zikaikwepa ile kona.