Mahari imetoka Tukuyu, sisi tuko Ujerumani: kiapo cha wakili kinatosha?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni wa Tukuyu, naishi Leipzig na mwenzangu Mjerumani, mwaka wa tatu sasa. 2022 tulikuja nyumbani akatoa mahari, ng'ombe na mablanketi ya wazee, watu wakala wakacheza, ila kanisani hatukwenda wala bomani. Sasa tunataka ndoa itambulike huku na huko. Shangazi kapata mtu hapo Mbeya mjini anasema kwa laki nne anatutolea cheti chenye tarehe ile ile ya mahari, hata tusipokuja. Mwingine anasema cheti cha nini, wakili awaandikie tu kiapo kwamba mmekaa pamoja zaidi ya miaka miwili. Tufuate ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifuate hata moja.

Nianze na hii ya miaka miwili maana inanichosha, kila wiki kuna mtu anaingia ofisini na hiyo hadithi. Kifungu kipo kweli, cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na kinasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka 2 au zaidi mpaka jamii ikawaona ni mume na mke, inakuwepo dhana kwamba wameoana. Dhana! Tena inayoweza kupingwa. Inatumika mahakamani, mara nyingi mwanamke kafukuzwa nyumba aliyoijenga na jamaa anasema huyu sikumuoa, ndipo hakimu anaangalia ushahidi na kuangalia anastahili nini na watoto wakae wapi. Haikutungwa ili wakili apige mhuri, mtu apande ndege na karatasi. Kiapo ni maneno yako wewe umeyaapia, hakifungi ndoa na hakiisajili, hata kikiwa na mihuri mitano.

Haya, mahari. Najua kwetu Rungwe ng'ombe wakishaingia zizini wazee wanakuita mke wa mtu, sibishani nao. Na ndoa ya kimila sheria inaitambua kabisa, ila ni kwa watu ambao jamii zao zinafuata sheria za mila, na wahusika wanatakiwa kuomba isajiliwe ndani ya siku 30. Mwenzako wa Leipzig ana mila ipi ya Kinyakyusa? Kwa hiyo kisheria ile 2022 ilikuwa mahari na sherehe nzuri, basi, nyie bado ni wachumba na siyo aibu.

Tena kuwa wachumba ndiyo usalama wenu. Mkitaka kufunga huko, Standesamt, yaani ofisi yao ya usajili, itataka cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, wakala wetu wa serikali wa usajili, na hati inayoonyesha huna kizuizi cha kuolewa, nayo ni RITA inayoitoa. Sasa fikiria umeshaapa hapa kwangu kwamba ni mke wa mtu tangu 2022, halafu unaenda kuomba hati ya kwamba hujaolewa. Karatasi mbili, sahihi moja, zinagombana. Utaeleza nini? Nilishakaa na binti analia kwa jambo hilo hilo, na aliyemwandikia kile kiapo simu hapokei.

Njia ziko mbili. Ya kwanza hiyo ya kufunga huko, orodha ya nyaraka ichukue Standesamt ya hapo mnapoishi wala siyo kwa rafiki aliyeolewa Munich, na kila kitu kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Kanisa la huko msilitegemee kwa hili, kwao ndoa yenye nguvu kisheria ni ya serikali tu, mchungaji anakuja baadaye. Ya pili mje nyumbani mfunge bomani kwa Mkuu wa Wilaya au kwa mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Taarifa ya kusudio inatolewa siku 21 kabla, ndiyo maana mwenye likizo ya wiki mbili namwambia aanze mapema au aulizie leseni maalum. Mwenzako naye aje na hati ya kwao ya kutokuwa na kizuizi, ile inadumu miezi 6 tu, msiichukue Januari kwa harusi ya Desemba. Mkishafunga, hakikisheni taarifa imefika RITA na mnacho cheti cha serikali, siyo kile cha kanisa chenye maua. Kisha cheti hicho kipelekeni Wizara ya Mambo ya Nje kikathibitishwe, kisha ubalozi wao. Kufunga tena Ujerumani hakuna haja, kuiingiza kwenye rejista yao ni hiari yenu.

Na majina! Kama cheti cha kuzaliwa ni Tumpe na pasipoti ni Tumpale, rekebisha sasa hivi. Hapo ndipo kiapo kinapofanya kazi yake.

Sasa huyo wa laki nne. Cheti cha ndoa kinatoka kwenye daftari, kuna namba, kuna mashahidi wawili, kuna mfungishaji aliyesaini, na nakala inaenda RITA. Yeye anauza karatasi isiyo na daftari. Kuna baba aliniletea cha kwake kutoka Tunduma, kizuri, kimelaminetiwa, tarehe ya ndoa 2014 na mhuri umeandikwa Mkoa wa Songwe. Songwe imekuwa mkoa 2016. Yule baba alikuwa ameshakiambatanisha kwenye maombi ya viza ya mke wake, na kilichofuata siyo kukataliwa viza tu, ni kuulizwa maswali ya kughushi. Hawa vishoka wanajua hamtarudi kuwadai, mko mbali, mna haraka, na shangazi anaona huruma. Tena ndoa ya kununua ikija kuharibika hata talaka huipati, mahakama itavunja nini?

Shangazi msalimie sana. Kama hela bado iko kwenye simu, asiitume.