Pokea simu: kwa mdogo wangu anayeanza kazi ya uhusiano wa umma

Taarifa yangu ya kwanza kwa vyombo vya habari ilianza hivi: "Mkurugenzi Mtendaji, akiambatana na wajumbe wa bodi na wageni waalikwa, leo amezindua rasmi…" Niliituma Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa anwani 60 kwa mkupuo. Asubuhi nikanunua magazeti matano Posta, nikayapekua nikiwa nimesimama. Hakuna hata mstari mmoja.

Jumatatu nilimfuata dada mmoja wa dawati la biashara niliyesoma naye chuo. Akaitoa taarifa yangu kwenye printa, akashika kalamu, akakata aya ya kwanza, ya pili na nusu ya tatu. Alipofika pale niliposema wakulima watalipwa ndani ya siku tatu badala ya mwezi mzima, akapazungushia duara. "Stori ni hii. Umeifukia chini ya bosi wako."

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika chochote huwa namfikiria mama anayekaanga mihogo huku redio iko pembeni. Je, akisikia habari hii ataongeza sauti? Kama hataongeza, bado sijaipata engo, yaani upande wa habari unaomgusa, na bosi hata akinuna namweleza hivyo hivyo.

Jifunze saa za chumba cha habari. Gazeti la kesho linapangwa leo: wahariri wanakaa asubuhi kugawa kazi, na jioni wanahangaika kufunga kurasa. Ukimpigia mtu saa kumi na mbili jioni kumuuliza "umeiona imeili yangu?", umemkera bure. Redio ipelekee sauti ya mkulima mwenyewe, sekunde 30 zinatosha. Televisheni inataka shughuli inayoonekana. Mkutano wa hotelini una picha moja tu, watu waliokaa nyuma ya meza yenye chupa za maji. Na usisubiri maonyesho ya biashara ya Sabasaba ndipo utafute waandishi. Wakati ule kila taasisi ina banda, na sote tunawagombania watu wale wale.

Kuhusu bahasha, ile pesa anayopewa mwandishi, utaambiwa bila hiyo habari haitoki. Waandishi wengi, hasa wa mikoani, wanalipwa kwa stori na nauli inawaumiza kweli. Basi andaa usafiri wa wote, kwa uwazi, ofisi zao zikijua. Lakini pesa ya kununua habari usitoe. Mimi nilitoa mara mbili nilipoanza, na bado inaniuma.

Nililojifunza kwa maumivu zaidi ni la siku mbaya. Gari la kampuni niliyokuwa nafanyia kazi lilipata ajali, wakubwa wakaniagiza nizime simu. Nikazima. Nilipoiwasha baada ya muda wa saa sita, WhatsApp ilikuwa imeshaandika habari yetu, na idadi ya majeruhi ilikuwa mara tatu ya ile halisi. Oktoba 1906, treni ya kampuni ya reli ya Marekani, Pennsylvania Railroad, ilipotumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, mshauri wao wa habari, Ivy Lee, aliwaalika waandishi waende kwenye eneo la ajali, akawapa taarifa iliyoandikwa. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunaambiana tuzime simu! Wewe pokea. Sema unachokijua, sema kinachofanyika, taja saa utakayorudi na maelezo zaidi, kisha saa hiyo ikifika urudi kweli, hata kama huna jipya.

Jina lako nalo linajengwa humo humo. Picha na waheshimiwa kwenye LinkedIn ni nzuri kwa mama yako nyumbani. Mwandishi anatafuta mtu anayejua jambo na anayepatikana. Chagua jambo moja ulijue hadi mzizi. Mimi nilichagua malipo ya wakulima, nikawa naandika maelezo mafupi kila wiki. Nilipobadilisha kazi, simu zilinifuata.

Yule dada sasa ni mhariri. Mwezi uliopita alinipigia saa moja usiku, ukurasa ukimsubiri, akitaka takwimu za zao ambalo sisi hatulinunui. Sikuwa nazo. Nikamtafutia mtu anayezijua, nikahakikisha amepokea, nikamuunganisha. Kesho yake habari ilitoka, kampuni yetu haikutajwa popote, nami nikanunua nakala mbili.