Simu inasema nyuzi 32, mzee anasema anaungua: nani mkweli?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Mbagala, Dar es Salaam. Baba yangu, miaka 71, ameshuka kutoka Njombe siku nane zilizopita kuja kumwona mjukuu. Tangu afike halali, anasema nyumba inamuunguza. Tumeezeka bati, dari bado. Simu inaonyesha nyuzi 32, na chini yake imeandikwa joto linalohisiwa ni 40. Ipi ni ya kweli? Jirani ananiambia feni inazungusha joto tu, niizime. Baba anatumia dawa za presha, mojawapo ni ile ya kukojoa. Nitajuaje kwamba imefika hatua ya hospitali? Na anataka kulala barazani, nimruhusu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namba zote mbili ni za kweli, na mzee naye anasema kweli.

Nyuzi 32 ni joto la hewa kivulini. Watu wa hali ya hewa huweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nyasi, mahali penye hewa, ili jua lisikiguse. Hakuna anayekiweka chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana. Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi hummwagia mtu joto kutoka juu, hata kama mwenyewe amekaa kivulini. Na Februari inapoisha jua la Dar linakaribia utosini: mwanzoni mwa Machi hupita juu yetu kabisa likielekea kaskazini. Msidhani mzee anadeka.

Ile 40 ni hesabu inayochanganya joto na unyevunyevu. Kadiri hewa inavyokaribia joto la ngozi, ambalo ni nyuzi 35 hivi, ndivyo mwili unavyobaki na silaha moja tu, jasho. Nalo jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi za joto. Lita ileile ikidondoka sakafuni imempotezea mtu maji na chumvi bila kumsaidia chochote. Hewa ya Dar miezi hii imeletwa na kaskazi, upepo uliosafiri juu ya bahari ya joto, kwa hiyo imefika ikiwa imekwisha kushiba maji na haina nafasi ya kulipokea jasho la baba yako. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 mwili huzipokea kama 40. Nyuzi hizohizo Dodoma, unyevu ukiwa asilimia 40, ni kama 33 tu. Wazee wa Pwani hawakuhitaji simu kulijua hili, wana neno lake: fukuto. Tena hesabu ya simu inamchukulia mtu aliye kivulini. Anayesimama juani anaweza kuongezewa nyuzi 8 nyingine.

Kwa hiyo feni msiizime. Jirani yako ana hoja mahali pengine, si kwenu. Hewa ikiwa kavu na imezidi sana joto la ngozi, nyuzi 40 na kuendelea, feni humpulizia mtu joto na kumkausha. Nyuzi 32 zenye fukuto ni jambo jingine: feni inaondoa ile hewa iliyoshiba maji inayoganda juu ya ngozi, na jasho linapata pa kwenda. Isaidieni kwa maji. Mlowesheni mikono, shingo na miguu kwa kitambaa, au avae kanga mbichi iliyokamuliwa, kisha feni impulize. Maji hayo yatafanya kazi ya jasho, na akiba yake mwenyewe itabaki mwilini. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wazee hutoka jasho kidogo kuliko vijana na kiu yao huchelewa, na ndoo moja ya maji ya bomba ya kawaida, bila barafu, inamtosha siku nzima. Umeme ukikatika, kitambaa kile na kipepeo cha ukili vinafanya kazi ileile.

Mchana asikae chini ya bati. Mwembe wa jirani, baraza ya upande usio na jua, hata ukumbi wa msikiti au kanisa wenye paa refu, popote penye upepo kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Mkipata fedha, wekeni dari kabla ya kununua feni ya pili. Majira ya joto ya mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 kwa joto, wengi wao wazee, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kulala chumba kilicho moja kwa moja chini ya paa kulikuwa kunaongeza hatari. Usiku nako hakukupoa, na moyo wa mzee unahitaji usiku wa kupumzika.

Sasa hilo la Njombe. Mwili huzoea joto, lakini huchukua wiki moja hadi mbili: damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linapungua chumvi. Baba yako ametoka mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako watu hulala na blanketi, na leo ni siku yake ya nane. Yuko katikati ya kipindi kibaya, na kwa umri wake mazoea huja polepole. Asibebe maji, asiende sokoni saa sita, asilime bustani yako hata akikuambia amechoka kukaa. Kwa sababu kama hiyo Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Wanaozuiwa ni vijana wenye nguvu, nao bado huanguka, hasa wageni wa siku za mwanzo.

Dawa za presha asiziache kwa uamuzi wenu. Ila mpelekeni kituo cha afya wiki hii, si lazima iwe dharura, apimwe presha akiwa amekaa na tena akiwa amesimama. Joto hutanua mishipa, dawa nazo zinashusha presha, na ile ya kukojoa inamtoa maji, hivyo vitatu vikikutana mzee anasimama na kuona giza. Daktari anaweza kupunguza kipimo mpaka joto lipungue. Msitegemee rangi ya mkojo kama watu wanavyofundishana, kwa sababu dawa yenyewe huufanya uwe mweupe hata akiwa amekaukiwa. Kama mna mizani, mpimeni kila asubuhi: kilo moja iliyopotea kwa siku moja ni lita moja ya maji. Anywe kidogo kidogo kutwa nzima, na chakula chenye chumvi ya kawaida kinatosha. Maji ya chumvichumvi ya pakiti ni ya anayetapika au kuharisha, mwenye presha asiyafanye kinywaji cha kila siku. Ikiwa aliwahi kuambiwa moyo wake umedhoofika au figo zina shida, kiasi cha maji mkiulize hukohuko kituoni. Na akipata mafua, msimpe Piriton kienyeji. Dawa za kundi lile hupunguza jasho, na wazee huwavuruga akili.

Hatua ya hospitali utaijua kwa akili yake zaidi ya ngozi yake. Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu, jasho jingi na uchovu ni onyo: mtoe penye joto, mlaze miguu juu, mloweshe, mpulize, mpe maji. Ndani ya nusu saa anapaswa kuanza kuwa mwenyewe. Asipopata nafuu, nendeni. Lakini akianza kuongea yasiyoeleweka, akisahau jina la mjukuu aliyemfuata, akipepesuka, akipata degedege au akizimia huku mwili unachemka, hiyo ni dharura ya kifo. Wengi huiita kiharusi cha joto. Joto la ndani limevuka nyuzi 40, na ubongo, ini na figo vinaungua. Msingoje ngozi ikauke kama vitabu vya zamani vilivyosema, wengine huwa wamelowa jasho.

Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mzee ana joto kali na anaweweseka, na kwetu sote wazo la kwanza ni malaria. Nimewahi kumpokea mmoja aliyekuwa amefunikwa shuka mbili, amepewa Panadol, na wanawe wamezunguka maduka mawili ya dawa kabla ya kupata bajaji. Panadol haishushi joto la aina hii, kwa sababu mwili haujaamua kupanda, umeshindwa kupoa. Huenda ni malaria kweli, kipimo kitasema, na kumpoza hakutaidhuru tiba ya malaria. Kwa hiyo poza kwanza, pale pale ulipo, huku mwenzako anatafuta usafiri. Mvue nguo, mmwagie maji ndoo baada ya ndoo mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Mkipata barafu ya duka la samaki, ifungeni kwenye kitambaa, wekeni shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, mlaze ubavu. Ndani ya gari endeleeni kumlowesha, madirisha wazi. Dakika 30 za kwanza zina thamani kuliko chochote tutakachomfanyia wodini.

Na baraza? Mruhusu. Baada ya saa nne usiku nje huwa kumepoa kuliko chini ya bati lililokunywa jua kutwa, na usingizi anauhitaji. Ila Mbagala ina mbu, na mtu wa Njombe hana kinga ya malaria kama yenu, kwa hiyo fungeni chandarua kwenye nguzo kabla jua halijazama, mumwekee maji kando ya mkeka, na mmoja wenu alale karibu naye wiki hii.