Ukitafuta ratiba ya kupiga chuma, angalia kwanza ni ya mwaka gani

Anayeanza kupiga chuma hutafuta ratiba ya Ronnie Coleman, bingwa mara 8 wa Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, akaishika siku sita kwa wiki. Miezi miwili baadaye viwiko vinauma, usingizi umepungua na mkono haujaongezeka. Huyo si mvivu. Amekosea zama tu.

Mwaka wa kukumbuka ni 1958, vidonge vya Dianabol, dawa ya kukuza misuli, vilipoingia sokoni Marekani. Vilisambaa jimu kwa jimu, na tangu hapo ukubwa unaouona jukwaani si kipimo cha mtu anayekula ugali na kulala kwa muda wa saa saba. Kama hutumii dawa, na tunakuomba kwa dhati usitumie, rudi kwa waliotangulia. Steve Reeves alikuwa Mr. America mwaka 1947. Reg Park, Mwingereza wa Leeds, alitwaa Mr. Universe mwaka 1951.

Reg Park ndiye aliyeusambaza mtindo wa seti 5 za marudio 5, na kwa anayeanza hatujaona ulio bora zaidi. Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma kwenye benchi, kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Seti mbili za mwanzo ni za kupasha mwili. Kama uzito wako wa kazi ni kilo 60, anza na 40, kisha 50, halafu seti tatu za 60. Pumzika dakika 3 hadi 5 kati ya hizo tatu. Siku utakayomaliza marudio yote 15 bila kuharibu mkao sahihi wa mwili, ongeza kilo 2.5 mara ijayo.

Watu huharibu hapo kwenye kuongeza. Mtu anarukia kilo 10 kwa sababu wenzake wanamtazama. Magoti yanaingia ndani akiwa anainuka, au mgongo unapinda kama upinde chuma kikitoka sakafuni. Ukiona hivyo, punguza kilo 5 siku hiyohiyo. Mgongo ukiumia utakaa nje miezi.

Mnaotumia vyuma vya zege vya mtaani, pelekeni kila upande kwenye mizani ya duka kabla ya kuunganisha. Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa mchanganyiko mmoja yanaweza kupishana kilo nzima, na chuma kikiegemea upande mmoja, bega la upande huo ndilo linaloumia.

Chakula hakihitaji kopo la unga wa dukani. Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili; mwenye kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Mayai matatu yana 18, nusu lita ya maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyoiva 30, gramu 50 za dagaa wakavu karibu 30. Zilizobaki zimo kwenye ugali wenyewe.

Halafu kuna ulinganifu, ambao mabaunsa wengi wa siku hizi wameusahau. Eugen Sandow, mtunisha misuli maarufu wa zamani, alipoandaa shindano lake kubwa Royal Albert Hall, London, tarehe 14 Septemba 1901, hakutaka mshindi awe mwenye misuli mikubwa tu. Mwili mzima ulipaswa kuwiana. Reeves naye alisifika kwa shingo, mkono na shavu la mguu vyenye kipimo kimoja. Chukua futi ya fundi cherehani, pima asubuhi kabla ya mazoezi, kila baada ya wiki 4: mkono ukiwa umekunjwa, shavu la mguu ukiwa umesimama. Mkono ukilizidi shavu la mguu kwa sentimita 3, ongeza seti nne za kuinuka kwa vidole vya miguu, marudio 15 hadi 20, ukituama juu sekunde moja na kushusha kisigino hadi chini kabisa.