Muulize Mwalimu: Nishani ya mwalimu mkuu, na kreti ya soda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Korogwe. Juzi tukisahihisha mitihani, mwenzangu alisimulia kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kulikuwa na mwalimu mkuu Mwingereza, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, aliyepata medali kubwa kuliko zote za jeshi lao bila kushika bunduki. Nikamwambia hiyo ni chai. Mimi mwenyewe nina miaka 52 na nikipanda bodaboda hadi mjini mgongo unaniuma siku mbili. Tumewekeana kreti ya soda na tumekubaliana uamue wewe. Nani analipa?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Utalipa wewe.

Kabla hujanuna, turekebishe neno. Medali wanavishwa wakimbiaji. Askari hutunukiwa nishani, na hiyo anayoisema mwenzako inaitwa Msalaba wa Victoria.

Mtu mwenyewe ni Theodore Bayley Hardy, aliyezaliwa Exeter mwaka 1863. Alifundisha shule ya wavulana ya Nottingham High School kwa miaka 16, na humo katikati akapata daraja la ukasisi wa Kianglikana huku akiendelea kushika chaki. Mwandishi D. H. Lawrence alikuwa mwanafunzi katika shule hiyohiyo miaka hiyo. Mwaka 1907 Hardy akawa mwalimu mkuu wa Bentham Grammar School, kule Yorkshire. Mkewe alipozidi kuugua, mwaka 1913 aliacha ualimu akachukua parokia ndogo ya kijiji cha Hutton Roof. Mwaka uliofuata mke akafariki, na muda si mrefu vita vikaanza.

Kwa hiyo mwenzako kateleza kidogo: Hardy alipokwenda vitani hakuwa mwalimu mkuu tena, alikuwa kasisi. Lakini hilo halipunguzi hata chupa moja kwenye kreti.

Aliomba kwenda kama kasisi wa jeshi, akaambiwa umri umekwenda. Akaomba tena, na Agosti 1916 wakamkubali. Alikuwa na miaka 52. Umri wako, bwana mgongo.

Makasisi hawakubeba silaha. Wengine walikaa nyuma ya mstari, wakisalisha na kuzika. Hardy alimwuliza kasisi mwenzake, Geoffrey Studdert Kennedy, afanye kazi vipi, naye akamshauri akaishi na askari huko huko waliko. Akaushika ushauri huo kama ulivyo. Alipopangiwa kikosi cha Lincolnshire, usiku akawa anaingia kwenye mahandaki ya mbele kabisa, na kila alipomkaribia mlinzi gizani alitanguliza maneno yaleyale: "Ni mimi tu, vijana." Hayo maneno ndiyo yaliyobaki kuwa jina lake.

Nami nilikuwa mwalimu wa zamu bwenini miaka mingi, na maneno hayo nayajua. Umeme umekatika, watoto wa kidato cha kwanza wamesikia kitu juu ya bati, nawe unafungua mlango na kurunzi isiyo na betri. Huna cha kuwasaidia. Unasema tu "ni mimi," na bweni zima linashusha pumzi.

Sasa nikupeleke Ubelgiji, mwaka 1917, kwenye vita vya Ypres. Mvua na mizinga vilikuwa vimegeuza mashamba kuwa uji wa tope, na mtu akizama hadi kiunoni hatoki. Kundi la waokoaji lilitoka kwenda kuwachukua askari walionasa usiku uliotangulia kati ya mistari miwili, na Hardy akajitolea kufuatana nalo, kifundo cha mkono wake kikiwa kimevunjika. Waliwatoa wote isipokuwa mmoja. Walivuta, wakachimba, ikashindikana. Hardy akabaki naye palepale, risasi zikipita, akimliwaza na kumwombea mpaka alipokata roho. Kwa kazi hiyo alipewa DSO, nishani ya maofisa iliyo chini ya ile kubwa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipostahili ile kubwa, maana yule aliyebaki naye hakuokoka na hakuna ushindi wa kuandika gazetini.

Ile kubwa ilikuja kwa matukio ya Aprili 1918, karibu na Bucquoy na Gommecourt, kaskazini mwa Ufaransa. Mara moja alikaa na ofisa aliyejeruhiwa vibaya, kama mita 360 mbele ya mstari wao, huku doria ya Wajerumani ikiwa imepenya kati yake na wenzake. Mara nyingine kombora liliangukia kituo cha askari. Akafukua waliofukiwa chini ya ukuta uliokuwa karibu kuanguka, akamtoa mmoja hai. Mara ya tatu alitambaa kurudi kwa wenzake, akamwomba sajini mmoja waende pamoja, na wawili hao wakamburuta majeruhi aliyelala hatua kama kumi tu kutoka ngome ya zege iliyojaa Wajerumani. Miaka 54 hiyo.

Usidhani nishani yenyewe ni dhahabu. Ni shaba nyeusi, kwa desturi hutolewa kwenye mizinga iliyotekwa vitani, na utepe wake ni mwekundu uliokoza. Mbele imeandikwa "Kwa Ushujaa". Nyuma huchongwa jina la mtu na tarehe ya tendo. Hapo kwenye jina huwa nawaza vita hivyohivyo vilivyopiganwa kwetu. Wapagazi waliobebeshwa vyakula na risasi, wakafa kwa kuhara na malaria, jina la jeshi lao, Carrier Corps, tumebaki nalo sokoni Kariakoo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, ila jina la mtu hata mmoja halipo.

Mfalme George wa Tano alimvisha Hardy nishani hiyo Ufaransa, Agosti 1918. Baadaye akamteua kasisi wake, na ilitumainiwa kwamba cheo hicho kitamrudisha nyumbani akapumzike. Mzee akashukuru kwa cheo, akabaki mahandakini.

Oktoba, wakati kikosi kikivuka mto Selle, risasi ilimpata pajani. Alifia hospitalini Rouen tarehe 18, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 55, na wiki tatu kabla bunduki hazijanyamaza. Kaburi lake liko huko huko Rouen, makaburi ya St Sever.

Soda ziwe baridi. Na kreti mpe kijana aibebe, wewe mgongo mbovu.