Ini la mzazi au la marehemu kwa mtoto anayesubiri

Swali: Binti yangu ana miezi minane. Alizaliwa na njia za nyongo zilizoziba, akapasuliwa akiwa na miezi minne, na manjano hayakwisha. Sasa anahitaji kupandikizwa ini. Je, atapona vizuri zaidi kwa kipande cha ini langu au kwa ini la marehemu? (Mama, Makambako)

Jibu: Pole sana, mama, kwa kuuguza. Upasuaji wa njia za nyongo hufanikiwa zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60, na huku kwetu kwenye baridi, ambako mtoto mchanga hushinda amefunikwa, manjano huchelewa kuonekana, usijilaumu.

Tukihesabu kuanzia siku ya kupandikizwa, njia zote mbili hufanya vizuri: katika vituo vyenye uzoefu, takriban watoto 90 kati ya 100 huwa hai baada ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo, hata hivyo, haiwagusi wanaofariki wakiwa bado wanasubiri, na hatari hiyo huwaelemea zaidi walio chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa ini la ukubwa wao ni adimu na la mtu mzima lazima ligawanywe kwanza. Kwa hiyo faida kubwa ya mzazi kuchangia ni kufupisha kusubiri, mtoto akapasuliwa angali na nguvu.

Njia hii ilifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, mama alipomchangia mwanawe. Hukatwa sehemu ndogo ya kushoto, takriban robo ya ini au pungufu, na linalobaki hukua tena ndani ya miezi michache. Hatari ya kifo kwa mchangiaji ni ndogo, lakini ipo, hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 1,000. Ndiyo maana baba naye apimwe kundi la damu na afya ya ini, uamuzi usikuelemee wewe peke yako.

Mkipewa rufaa ya India, msitegemee ini la marehemu, kwani wenyeji hutangulizwa.

Wakati huu lishe ndiyo dawa yake. Tumbo likijaa maji uzito hudanganya, hivyo muombe muuguzi apime mzunguko wa mkono. Muulize pia daktari kuhusu chanjo ya surua na rubela mapema, angalau wiki nne kabla ya upasuaji, kwa sababu baadaye dawa za kuzuia mwili usilikatae ini kwa kawaida haziruhusu chanjo yenye virusi hai.